Mheshimiwa wa Mama

Mama yangu hajui Kiholanzi hata neno moja, lakini kwa miaka kadhaa alisikiliza mijadala ya bunge la Uholanzi karibu kila asubuhi. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ghorofa ya tisa, Scarborough, pembeni mwa Toronto, blanketi miguuni, tableti imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Saa nne asubuhi yetu huko kwao ni saa kumi jioni, na wabunge wanakuwa wamekwisha kushiba na kuanza kubishana. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Mimi ndiye niliyemwamsha mama, nikamwosha, nikamvika soksi zile za kubana miguu, nikamkorogea uji. Nikishamaliza yote hayo alikuwa anauliza, "Mheshimiwa hajaanza?"

Hakumwita mdogo wangu kwa jina tena. Mheshimiwa. Na pale kanisani kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili, watu wakaiga. Mimi nikawa dada yake Mheshimiwa. Mwanamke mmoja Mkongo aliwahi kunishika mkono nje ya mlango akaniambia ana bahati kukutana na mtu wa damu ile. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nanuka dawa ya kusafishia sakafu. Nilimshukuru nikaenda kusubiri basi.

Nataka niseme mapema kwamba nilimwonea mdogo wangu wivu. Watu wengi husema "nilimwonea wivu kidogo." Wangu haukuwa kidogo.

Tulikulia Morogoro, wasichana wawili wa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mdogo wangu nimempita miaka minne. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Kwenye midahalo ya shule walinipanga nizungumze mwisho, kwa sababu nikizungumza mwisho upande wetu ulishinda. Yeye alikuwa mtoto wa kukaa kimya, akichimba vijito kwenye udongo nyuma ya nyumba, akiangalia maji yanapita wapi. Alipomaliza chuo, likatoka tangazo la ufadhili wa kusomea umwagiliaji huko Uholanzi. Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita. Barua ya maombi niliiandika mimi, sentensi kwa sentensi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za zahanati nilikofanya kazi ya uuguzi msaidizi. Yeye aliinakili kwa mwandiko wake.

Akaenda. Mimi nikaolewa, nikaja Kanada na mume wangu. Mume baadaye alihamia jimbo la Alberta kikazi na hakurudi. Nilibaki na binti yetu mmoja, na kazi ya kutunza wazee kwenye kituo kimoja upande wa mashariki ya mji. Mama alipoanza kuanguka anguka kule nyumbani, nilihangaikia karatasi zake mpaka akaja kukaa nami.

Mdogo wangu yeye alipata kazi kwenye bodi ya maji. Wenzetu wale nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo bodi ya maji kwao si mchezo; hata ina uchaguzi wake. Aliniambia kwenye simu kwamba wamemwomba agombee.

"Uchaguzi wa mifereji?" nikamuuliza.

"Ndiyo, dada. Wa mifereji."

Nilicheka sana siku ile, na sikuwa na kinyongo chochote. Alishinda. Baada ya hapo akawa diwani wa jiji, na nikacheka kidogo. Halafu chama kikubwa kimoja kikamweka kwenye orodha yake ya wagombea ubunge, akaingia bungeni. Siku anaapishwa mama alilia, binti yangu akapiga makofi, na mimi nikaenda jikoni kuangalia kama maharage yameiva. Yalikuwa yameiva kitambo.

Shida ilikuwa kwamba mama alitaka kujua kinachosemwa. Mimi Kiholanzi sikijui pia. Tableti ilikuwa inaweka maandishi ya Kiingereza chini ya picha, ya kimashine, mengine hayaeleweki, na mimi nikayatafsiri jinsi roho yangu ilivyotaka.

"Anasema nini sasa?"

"Anazungumzia mavi ya ng'ombe, mama."

Hilo lilikuwa kweli. Walikuwa na ugomvi mkubwa huko kuhusu samadi na uchafuzi wa ardhi. Nilidhani mama atavunjika moyo. Akatikisa kichwa taratibu na kusema, "Basi ni jambo zito kwao. Angalia wanavyomsikiliza."

Kweli walikuwa wanamsikiliza. Mdogo wangu, aliyekuwa akijificha nyuma ya gauni langu wageni wakija, alisimama mbele ya kipaza sauti akamkatiza waziri. Mkono mmoja ulikuwa kwenye meza, mwingine ukikata hewa. Ule mkono niliutambua. Ni mimi niliyekuwa nikikata hewa hivyo kwenye midahalo.

Binti yangu alipopewa kazi ya shule aandike juu ya mwanamke anayemvutia katika ukoo wake, nilimsikia akijiandaa chumbani, kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili anakielewa lakini hakizungumzi. Alikuwa anazungumza habari za mabwawa na kura. Nikasimama mlangoni na kikapu cha nguo chafu.

"Umemchagua mama mdogo?"

Akanijibu kwamba ndiyo, na kwamba wewe mama nakuona kila siku. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipa sababu tu, kama mtu anavyosema nje kuna mvua.

Mwaka wa nne wa ubunge wake, mdogo wangu alinipigia simu asubuhi, mama akiwa bado amelala.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Nimetoka kwenye chama."

"Wamekufukuza?"

"Nimetoka mwenyewe. Tumetoka wawili. Tunaanzisha chetu."

Alinieleza. Chama chao kilikubali kufungwa kwa nyumba ndogo za wazee vijijini na kupunguzwa kwa wauguzi wanaozunguka majumbani. Yeye na mbunge mwenzake, mzee mmoja mrefu aliyekuwa daktari wa kijiji huko kaskazini, walikataa kulipigia kura jambo hilo. Huko kwao mbunge akitoka chamani anaondoka na kiti chake, kwa hiyo walibaki bungeni, watu wawili bila chama, wakiitwa wasaliti na wenzao wa jana. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi. Walitaka kusajili jina, kuandika ilani, kutafuta wagombea.

"Sasa nahitaji msaada wako," akasema. "Niambie kazi yako. Yote. Zamu ina watu wangapi, mnabeba vipi mtu asiyeweza kusimama, nini kinauma, wewe ungebadilisha nini."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata meneja wangu. Nilizungumza saa nzima na zaidi, uji ukaganda kwenye sufuria. Nilimwambia kwamba mzee anayebadilishiwa mtunzaji kila siku anaacha kula. Nilimwambia kwamba mtunzaji apewe wazee walewale, na alipwe muda wa njiani, kwa sababu nusu ya maisha yetu iko kwenye basi. Nilimwambia mtoto anayemtunza mzazi nyumbani naye ahesabiwe kuwa anafanya kazi. Nilimsikia akiandika. Wiki ile nilitembea kama msichana aliyeposwa.

Ilani ilipotoka, binti yangu aliipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, nikaisoma kwenye simu nikiwa ndani ya basi la barabara ya Lawrence. Mambo yangu yote yalikuwemo. Wazee walewale, muda wa njiani, mtoto anayemtunza mzazi. Juu kulikuwa na picha ya waanzilishi wa chama: mdogo wangu na yule daktari mrefu, wamesimama kwenye upepo, wanacheka. Waanzilishi wawili. Nilihesabu mara mbili kama mtu aliyepungukiwa na chenji.

Bado ningeweza kumeza hilo. Lililonishinda ni hotuba ya kuzindua. Mama alikuwa ameivalia kitenge kipya. Mdogo wangu alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akazungumza kwa sauti ya chini. Maandishi yakapita chini ya picha. *Ninajua maana ya kumwosha mama yako mwenyewe.* Wanawake wa makamo walijifuta macho.

Alikuwa amemwosha mama mara moja. Alikuja Toronto kwa mkutano fulani wa maji, akalala hotelini mjini, akaja kwetu siku moja, na mama akataka kuogeshwa na Mheshimiwa. Aliacha bafu limejaa maji nikapiga deki mimi.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anawashukuru wageni waliofika," nikamjibu.

Kampeni ikaenda vizuri kuliko walivyotarajia. Yeye ndiye aliyekuwa namba moja kwenye orodha, daktari namba mbili. Alipigwa picha sokoni akigawa vipeperushi, alipigwa picha juu ya baiskeli. Simu zake kwa mama zikawa za dakika mbili. Nami nikawa nazipokea, nampa mama, nasimama pale pale nikisikiliza, nikitafuta kosa.

Siku kumi kabla ya kupiga kura mama alipata homa na kukohoa. Nikampeleka hospitali, wakasema ni nimonia, wakamlaza. Siku ya pili homa ilikuwa imeanza kushuka. Daktari kijana aliniambia dawa inafanya kazi, akiendelea hivi atarudi nyumbani baada ya siku chache. Nesi alisema hivyo hivyo. Nami nimefanya kazi na wazee miaka mingi. Nilimtazama mama rangi ya midomo na nikajua wamesema kweli.

Nikatoka kwenye korido, karibu na mashine ya kuuzia soda, nikampigia mdogo wangu.

"Mama amelazwa," nikasema. "Mapafu. Madaktari hawana uhakika. Ukitaka kumwona, njoo."

Nyuma yake nilisikia watu wengi wakizungumza.

"Dada, Alhamisi kuna mdahalo. Ule mkubwa wa televisheni."

"Najua."

"Hali yake ni hiyo kweli?"

"Nimekwambia nilivyoambiwa. Uamuzi ni wako."

Nilinunua soda nikanywa yote.

Alifika kesho yake mchana na begi dogo la mkononi, macho mekundu, koti bado lina beji ya chama. Mama alikuwa ameketi kitandani anakula jeli kwa kijiko cha plastiki. Alimwona akaangusha kijiko. "Mheshimiwa wangu," akasema, na akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mdogo wangu alimtazama mama, akaitazama ile sahani ya jeli. Akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua koti lake akaketi.

Angeweza kurudi siku ile ile. Sijui kama ni mama aliyemzuia au ni hasira. Mama alikuwa amemng'ang'ania mkono, akimwambia usiniache tena mwanangu, na yeye hakuinuka. Alhamisi tukawa wote watatu kitandani pale, saa nane mchana, tukiangalia mdahalo kwenye tableti. Kwenye nafasi yake alisimama yule daktari mrefu.

Alikuwa mzuri. Lazima niseme. Hakupaza sauti. Waziri mmoja alipomwambia kwamba mipango yao ni ndoto, alisimulia juu ya bibi kizee mgonjwa wake wa zamani, na hadi anamaliza hata waziri alikuwa ameinamisha kichwa. Mdogo wangu alikuwa akitafsiri kwa mama sentensi moja moja, kwa sauti tulivu, kwa uaminifu, jinsi mimi sikuwahi kufanya.

"Huyu mrefu ni nani?" mama akauliza.

"Ni mwenzangu, mama. Tuliyeanzisha naye."

"Mbona wewe hupo?"

"Nipo hapa."

Mama aliridhika na jibu hilo. Mimi nilitoka nikaenda kusimama chooni.

Alirudi Uholanzi Ijumaa. Jumatano iliyofuata wakapiga kura. Kule kila mpiga kura anapewa karatasi kubwa kama kitambaa cha meza, yenye majina yote, na penseli nyekundu. Anapaka rangi duara pembeni ya jina la mtu mmoja. Wengi hupaka namba moja wa chama chao. Lakini mtu wa chini akipakwa na watu wengi kuliko wa juu yake, humpita. Chama chao kipya kilipata kiti kimoja. Na watu waliokuwa wamemwona daktari kwenye televisheni walipaka jina la daktari.

Kwa hiyo kiti kilikuwa chake. Mdogo wangu, namba moja, mwanzilishi, akatoka bungeni.

Nilizisoma habari hizo kwenye chumba cha mapumziko kazini. Kitu cha kwanza nilichosikia kifuani kilikuwa wepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Ulidumu mpaka nikafika nyumbani na kumkuta mama ameshika tableti, akiigeuza geuza, akitaka nimtafutie Mheshimiwa. Nilimwambia wabunge wako likizo. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia likizo ni ndefu.

Miezi ikapita. Yeye na daktari walikosana. Si kwa ubaya, lakini chama kina sauti moja bungeni na sauti hiyo haikuwa yake. Akajiondoa kwenye uongozi. Wakati wa joto akaja kwetu, safari hii kwa wiki mbili, bila mkutano wowote, akalala sebuleni.

Jumamosi moja tulitoka dukani, yeye na mimi, tumebeba unga, mihogo ya barafu na dagaa, tukakuta lifti imeharibika. Tukapanda ngazi. Ghorofa ya sita pumzi zikatuishia, tukakaa kwenye ngazi, mifuko kati yetu. Hatukuwa tumezungumza jambo lolote la maana tangu afike. Nikaona nikiinuka pale bila kusema, sitasema tena.

"Siku ile ya hospitali," nikaanza, "nilikudanganya. Daktari alikuwa ameshaniambia atapona."

Alikuwa anajipepea kwa risiti. Hakuacha.

"Najua. Nesi aliniambia siku ile ile. Alinipongeza kwamba mama anakwenda vizuri tangu jana yake."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mimi nimesimama mbele ya watu nikasema namwosha mama." Akakunja risiti. "Niliandika 'dada yangu anajua.' Ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi. Washauri wakaniambia habari ya dada haina nguvu, sema mimi. Nikasema mimi. Mwenzangu daktari aliniuliza baadaye kama ni kweli, nikamwambia ni kweli."

"Nilikuwa natazama."

"Nilijua utakuwa unatazama."

Mtu alishuka na mbwa, tukasogeza mifuko apite. Mbwa alinusa dagaa, akavutwa.

"Nilikuonea wivu," nikasema. "Tangu mifereji. Hapana, mifereji nilicheka. Tangu ulipokuwa diwani."

"Na mimi nilikuonea wewe. Mama aliniita Mheshimiwa, dada. Ataniitaje tena kama mtoto wake? Nilipokuwa pale hospitali, alipotaka kwenda chooni alikuita wewe." Akaitia risiti mfukoni. "Lakini sijakusamehe. Usije ukadhani tumeshamaliza. Kile kiti nilikifanyia kazi miaka mingi."

"Sawa."

"Siku moja labda."

"Sawa," nikasema tena. Tukabeba mifuko, tukapanda ghorofa tatu zilizobaki.

Mwaka uliofuata baraza la mji mmoja mdogo, karibu na mto mkubwa, lilimpendekeza awe meya. Kwao meya hachaguliwi kwa kura za wananchi. Baraza linapendekeza, serikali inateua. Alinipigia mimi kwanza, kabla ya mama, na alizungumza kwa tahadhari, kama mtu anayemwekea mgonjwa chakula mbele. Nilimpongeza. Nilimaanisha, karibu yote. Ule wivu wa zamani niliusikia ukirudi, nikaendelea kuuliza maswali: mji una watu wa namna gani, nyumba watampa, maji yakijaa nani anaamka.

Mama alipoona picha ya kuapishwa kwake, akiwa na mnyororo wa meya shingoni, alishtuka kidogo. "Wamemfunga?"

"Ndiyo heshima yao, mama. Ni kama joho."

Wiki mbili zilizopita alinipigia akasema ana likizo mwezi wa nane. Angependa aje amtunze mama peke yake, mwezi mzima, ili mimi niende popote ninapotaka. Nilimwambia haiwezekani, mama amezoea mikono yangu, akishikwa na mtu mwingine hali chakula. Kwa mzee mwingine ningeapa kwamba ndivyo. Kwa mama si kweli. Mama anakula kwa mtu yeyote anayemsifia.

"Haya dada," akasema. "Nimeelewa."

Nilikaa na jibu lile siku tatu. Nilimwosha mama, nikamvika soksi, nikamchana nywele, naye akazungumza habari za meya wake na mto wake bila kupumzika. Siku ya nne nikampigia nikamwambia akate tiketi. Nilimwambia pia bafu letu halitoi maji vizuri chini, asilijaze.

Binti yangu anataka twende pamoja Alberta kumwona baba yake. Mimi nafikiria Morogoro. Bado sijaamua.